Kazi za Mikono ya Wagonjwa wa Akili: Uingereza ya Zama za Victoria na Mwambao wa Mchinga

Baina ya Kilwa na Lindi, mahali ambapo bahari imeingia ndani na kufanya ghuba, uko mji mdogo wa Mchinga. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na jina lake lahusiana na lile la Wamachinga, kabila la pwani hiyo. Haikosi msomaji atashangaa kuliona jina la Mchinga limewekwa pamoja na habari za hospitali za wendawazimu za Uingereza katika zama za Malkia Victoria, aliyetawala toka mwaka 1837 hata 1901. Lakini wazimu haukuchagua nchi. Katika miaka ile ile ambayo Waingereza walikuwa wakijenga majumba makubwa ya kuwaweka wagonjwa wao, watu wa Mwambao nao walikuwa na wagonjwa wao, na walikuwa na njia yao ya kuwatazama. Tofauti moja ni kubwa: za wagonjwa wa Uingereza zimebaki picha, barua na mishono, nazo zimetunzwa katika nyumba za makumbusho, za wagonjwa wa Mwambao hazikuwekwa. Makala haya yakusudia kueleza jinsi kazi hizo zilivyopata kuwako, jinsi zilivyosomwa na watu wengine, na sababu ya upande mmoja kukumbukwa na upande wa pili kusahauliwa.

I. Maneno

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, yafaa kuyatazama maneno, maana jina la ugonjwa huonyesha mahali ambapo watu waliudhani umetoka. Neno la Kiswahili *wazimu* ni ndugu wa *mzimu* na *kuzimu*. Shina lake ni la Kibantu, na maana yake ya asili yahusu roho za waliokufa. *Mwendawazimu*, basi, si mtu aliyevunjika kitu ndani ya kichwa, bali ni mtu aendaye na jambo lililotoka nje yake. *Majununi* limetoka katika Kiarabu, nalo lina asili moja na *jini*. Maneno haya mawili, moja la bara na moja la ng'ambo, yamekutana pwani yakiwa na wazo moja: mgonjwa amefikiwa na mgeni. *Punguani* peke yake ndilo lisemalo kwamba mtu amepungukiwa.

Neno *akili* nalo lina habari yake. Katika Kiarabu lina asili moja na jina la kamba ya kumfungia ngamia asitoroke. Mwenye akili ni aliyefungwa na fahamu zake, na asiye nayo ni kama mnyama aliyekata kamba. Waingereza, kwa upande wao, walimwita mgonjwa kwa neno lililotokana na jina la mwezi katika Kilatini, kwa kuwa wahenga wao waliamini kwamba mbalamwezi huchafua akili. Na ile nyumba waliyomtia waliipa jina la Kiyunani ambalo maana yake ni mahali pa amani, mtu asipoweza kukamatwa. Jina lilikuwa jema. Swali ni kama nyumba zilifanana na jina.

II. Nyumba

Nyumba ya kwanza kwa umaarufu ilikuwa Bethlem ya London, iliyoanzishwa mwaka 1247 kuwa nyumba ya watawa, kisha ikawa mahali pa wagonjwa wa akili. Kwa muda mrefu wagonjwa walifungwa minyororo, na watu wa mjini walikwenda kuwatazama kama watu waendao kutazama wanyama. Mwishoni mwa karne ya 18 mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 1796 William Tuke na wenzake wa dhehebu la Quaker walifungua nyumba mjini York ambako wagonjwa walitendewa kwa upole. Mwaka 1839 Daktari John Conolly alipoingia hospitali ya Hanwell, karibu na London, aliondoa pingu na minyororo. Mwaka 1845 sheria ililazimisha kila wilaya ya Uingereza na Wales kujenga hospitali ya wagonjwa wa akili walio maskini.

Nia ya sheria ilikuwa njema, lakini majumba yalijaa upesi kuliko yalivyojengwa. Ilipofika mwaka 1900, watu wapatao laki moja katika Uingereza na Wales walikuwa wamehesabiwa rasmi kuwa wagonjwa wa akili. Wengi wao waliingia na wasitoke tena. Humo ndani kazi ilihesabiwa kuwa dawa: wanaume walilima na kuseremala, wanawake walifua na kushona. Na katika baadhi ya hospitali daktari mkuu aliruhusu jambo jingine, yaani kalamu, karatasi na rangi.

Mmoja wa madaktari hao alikuwa W. A. F. Browne, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya Crichton mjini Dumfries, nchi ya Scotland, toka mwaka 1838 hata 1857. Browne aliamini kwamba muziki, tamthilia, kusoma na kuchora vyaweza kumrudisha mtu katika hali yake. Mwaka 1844 wagonjwa wa Crichton walianza kutoa gazeti lao wenyewe, na michoro yao Browne aliiweka badala ya kuitupa. Mkusanyo huo ni mmojawapo wa ile ya kwanza kabisa ya namna yake, na sehemu yake yaonekana hata leo. Ndani yake mna mandhari ya milima, nyuso za watu, na nyumba za kawaida. Atafutaye humo vioja vya wazimu atarudi na mikono mitupu.

III. Mikono

Mchoraji mashuhuri kuliko wote waliokaa katika nyumba hizo ni Richard Dadd. Alizaliwa Chatham mwaka 1817, akasoma katika chuo cha sanaa cha Royal Academy mjini London, na kabla hajafika miaka 25 alikuwa amekwisha kujulikana. Mwaka 1842 tajiri mmoja, Sir Thomas Phillips, alimchukua awe mchoraji wake safarini. Wakapita Ugiriki, Uturuki, Sham, Palestina na Misri. Huko Misri akili yake ikaanza kuvurugika, akaamini kwamba anaamriwa na Osiris, mungu wa Wamisri wa kale. Aliporudi nyumbani, mwezi wa Agosti 1843, alimwua baba yake mzazi kwa kisu, akakimbilia Ufaransa, akakamatwa. Mwaka 1844 akatiwa katika sehemu ya wahalifu ya Bethlem, na mwaka 1864 akahamishwa Broadmoor, hospitali mpya ya wahalifu wagonjwa. Huko akafa mwaka 1886. Katika miaka 68 ya maisha yake, 42 aliishi kifungoni humo.

Katika miaka hiyo hakuacha kuchora. Mwaka 1852 Bethlem ilipata msimamizi mpya, Daktari Charles Hood, aliyempa nafasi na vifaa. Karani mkuu wa hospitali, George Haydon, alimwomba amchoree picha, na Dadd akaishughulikia toka mwaka 1855 hata 1864. Jina lake ni *The Fairy Feller's Master-Stroke*. Ukubwa wake haufiki sentimita 55 kwa 40, lakini ndani yake wamo viumbe wengi wadogo wa hadithi za Kiingereza, wamejificha katika majani na maua, wote wakimtazama mmoja aliyeinua shoka apasue kokwa. Shoka halijashuka. Picha hiyo sasa iko katika jumba la Tate, London, ambalo lilipewa mwaka 1963 na mshairi Siegfried Sassoon.

Picha nyingine ya Dadd yafaa kutajwa kwa ajili ya wasomaji wa pwani. Katika miaka ya kwanza ya Bethlem alichora kambi ya wasafiri kando ya Bahari ya Chumvi, usiku wa mbalamwezi, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa waliokaa kuzunguka moto. Picha hiyo ilipotea watu wasijue iliko, hata ikatokea katika miaka ya 1980 katika kipindi cha televisheni ambacho watu huleta vitu vya kale vikaguliwe, na jumba la British Museum likainunua. Mtu aliyefungwa chumbani alikumbuka vilemba, moto na mchanga bila ya kukosea. Akili iliyosemekana kwamba imekatika kamba ilikuwa ingali imefungwa barabara na yale iliyoyaona.

Wanawake hawakupewa rangi na turubai, walipewa sindano. Kwa hiyo wengine walisema kwa sindano. Mary Frances Heaton, mwalimu wa muziki, alitiwa mwaka 1837 katika hospitali ya maskini ya Wakefield, baada ya kumdai kasisi hadharani ada ya masomo ya muziki. Alikaa kifungoni miaka 41 hata akafa mwaka 1878, na katika vitambaa alidarizi malalamiko yake. Lorina Bulwer, aliyewekwa katika nyumba ya maskini ya Great Yarmouth, alishona mwanzoni mwa karne ya 20 barua za nyuzi zenye urefu wa mita kadhaa, kwa herufi kubwa tupu, bila nukta wala mkato, akilitaja jina lake tena na tena. Huko Ujerumani, mshonaji Agnes Richter, katika hospitali ya Hubertusburg, aliigeuza nguo ya kitani ya hospitali ikawa koti lake, akalidarizi maneno juu yake yote, nje na ndani. Hata namba ya kufulia nguo zake aliishona humo. Maneno ya ndani yamefifia kwa sababu aliivaa nguo hiyo, na yalisuguana na mwili wake.

Mwanamke wa Lindi au Kilwa hahitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Ajua kwamba kanga ina jina, na kwamba asiyeweza kusema kwa kinywa mbele ya jirani au mume aweza kuvaa neno lake akapita. Tofauti ni kwamba mvaa kanga hupita njiani, na yule aliyekusudiwa huona na kuelewa. Neno la Agnes Richter halikuwa na njia ya kupita.

IV. Kosa la wasomaji

Kazi hizi zilipoanza kukusanywa, wasomaji wake wa kwanza walikuwa madaktari, nao walizisoma kama watu wasomavyo joto la homa: waliutafuta ugonjwa. Mwaka 1864 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai kwamba kipaji kikubwa na wazimu vina undugu. Toka hapo ikawa desturi kuitazama picha ya mgonjwa kwa swali moja tu: wazimu wake u wapi?

Mfano wa Dadd waonyesha udhaifu wa swali hilo. Watu wengi wamesema kwamba viumbe wadogo wa picha yake ni dalili ya ugonjwa. Lakini viumbe hao walikuwa mtindo wa wakati ule. Wachoraji wazima, kama Joseph Noel Paton, waliwachora na kusifiwa. Dadd mwenyewe aliwachora mwaka 1841 na 1842, kabla ya safari ya Misri, na watu wa London wakampongeza. Jambo lile lile lililoitwa kipaji alipokuwa huru liliitwa wazimu alipokuwa ndani.

Mfano wa pili ni wa Louis Wain, mchoraji wa paka, aliyependwa sana Uingereza mwishoni mwa zama za Victoria. Alitiwa hospitali mwaka 1924, akafa mwaka 1939. Daktari Walter Maclay alipata dukani picha zake nane, akazipanga toka paka wa kawaida hata paka aliyegeuka kuwa mapambo matupu, ili kuonyesha jinsi akili ilivyozidi kuharibika hatua kwa hatua. Mpango huo ulichapwa katika vitabu vya mafunzo kwa miaka mingi. Lakini picha zenyewe hazikuwa na tarehe. Aliyezipa mfuatano ni daktari, si mchoraji.

Anayetaka mfano wa karibu na atazame uchongaji wa Wamakonde. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga Dar es Salaam sanamu za *shetani*, zenye jicho moja, kiungo kilichopinda na kinywa kilichovuka uso. Wengi walimfuata, na sanamu hizo zikapata soko duniani. Hakuna aliyesema kwamba wachongaji wale ni wagonjwa. Walichonga wanayoyajua katika hadithi na imani za watu wao. Kama sanamu moja ya namna hiyo ingalitoka katika chumba cha hospitali, haikosi ingaliandikiwa ripoti.

Katika Ujerumani kosa hili lilifika mwisho wake mbaya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Daktari Hans Prinzhorn, aliyekuwa pia amesomea historia ya sanaa, alikusanya huko Heidelberg kazi zipatazo 5,000 toka hospitali mbalimbali, na mwaka 1922 akatoa kitabu kilichowastaajabisha wasanii wa Ulaya. Prinzhorn alizisifu kazi hizo kwa uzuri wake, ila majina ya watu aliyabadili. Fundi chuma Franz Karl Bühler alimwita Pohl. Miaka 15 baadaye serikali ya Hitler ilifungua Munich maonyesho ya kuidhihaki sanaa mpya, na maonyesho hayo yalipozungushwa katika miji mingine, kazi za Heidelberg zilitiwa humo ili watu waone kwamba wasanii wapya ni sawa na wendawazimu. Kisha ikaja zamu ya wagonjwa wenyewe. Mwaka 1940 na 1941 zaidi ya watu 70,000 toka hospitali za Ujerumani waliuawa kwa amri ya serikali. Bühler alikuwa mmoja wao. Aliuawa Grafeneck mwaka 1940. Hapo ndipo ionekanapo kwamba swali la namna ya kuitazama kazi ya mgonjwa si la mapambo. Aliyezoea kuona ugonjwa tu katika picha, hakuona mtu katika mchoraji.

V. Mwambao

Sasa na turudi pwani. Katika desturi za Mwambao, sanaa ya ugonjwa haikufanywa na mgonjwa peke yake. Ilifanywa pamoja naye na kwa ajili yake. Kama maradhi yalidhaniwa kuwa ya jini, mwalimu aliandika aya za Kurani kwa zafarani katika sahani, akaziosha kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo *kombe*. Mwandiko ule ulikuwa mzuri, lakini uzuri wake ulikusudiwa kufutika: dawa ilikuwa katika kuyeyuka kwake. Kama ni pepo, fundi aliitwa kumpunga. Chetezo kilifukizwa ubani na udi, ngoma ikapigwa siku kadhaa, pepo akaulizwa jina lake na haja yake, naye akajibu kwa kinywa cha mgonjwa aliyeitwa *kiti*. Aliomba nguo ya rangi fulani, au pete, au chakula fulani, na jamaa wakatafuta. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza ngoma hizi kwa urefu katika habari zilizochapwa na Carl Velten mwaka 1903, katika kitabu cha *Desturi za Wasuaheli*.

Isidhaniwe kwamba hali ilikuwa njema siku zote. Mgonjwa mkali alifungwa kamba, au miguu yake ilitiwa katika mkatale, na asiye na jamaa alitangatanga. Lakini aliyepungwa alikuwa na hadhira. Wimbo wake ulisikiwa na watu waliomjua kwa jina, na haja ambayo asingeweza kuitaja mwenyewe aliitaja kwa ulimi wa mgeni, nayo ikatimizwa.

Serikali ya Kijerumani ilileta njia ya pili. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, ilikuwako toka mwaka 1896 nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 wamisioni wa Bethel waliifanya kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika nchi hii. Mtu wa Mchinga aliyepasiwa kwenda huko alikuwa na safari ya zaidi ya kilomita 500: kwa chombo hata Tanga, kwa gari la moshi hata Korogwe, kisha kupanda mlima, mahali pa baridi ambapo hakuna bahari wala aisemaye lugha ya kwao. Waingereza walifungua Nairobi mwaka 1910 hospitali ambayo baadaye iliitwa Mathari, na katika miaka ya 1920 wakaanzisha Mirembe, Dodoma. Katika nyumba hizi kazi ilikuwa dawa kama ilivyokuwa Uingereza: jembe, na kazi za mikono.

Lakini jambo moja la Uingereza halikuvuka bahari pamoja na majumba, nalo ni lile la Browne na Hood. Mgonjwa wa koloni hakudhaniwa kuwa na neno lake mwenyewe. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari toka mwaka 1938 hata 1950, alitoa mwaka 1953 kitabu juu ya akili ya Mwafrika, akiilinganisha na ile ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Msomaji mwenye wazo kama hilo hawezi kuweka karatasi ya mgonjwa kabatini. Kwake haina la kusomwa. Wala mganga wa pwani hakuwa na sababu ya kuweka, kwa kuwa kombe hunywewa na wimbo huisha na ngoma. Kwa hiyo mgonjwa wa Mwambao alikosa mara mbili: njia ya kale ilimsikiliza isiandike, na njia mpya iliandika isimsikilize. Kilichobaki ni daftari la hospitali, ambalo laeleza aliyoyaona daktari.

Zimekuwako jitihada za kuziunganisha njia hizo. Mwaka 1954 Daktari Adeoye Lambo alianza huko Aro, nchi ya Nigeria, mpango wa kuwaweka wagonjwa katika vijiji pamoja na jamaa zao, na hakuwadharau waganga. Mpango huo ulisifiwa pote, na wanaona mbali waliufuata.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili iko kazi ambayo ni yao hasa, wala si ya madaktari. Nyimbo za kupunga pepo za Kilwa, Mchinga na Lindi ni maneno yaliyotungwa, yenye mizani, mafumbo na msamiati wa lugha za pwani hiyo. Na mengi ya maneno hayo yalitoka katika vinywa vya watu walioitwa wendawazimu. Yafaa yakusanywe kwa idhini ya wenyewe, pamoja na majina yao kama wapenda yatajwe, na yasomwe kwanza kama tungo, kabla ya kusomwa kama dalili. Kadhalika vikapu, mishono na michoro itokayo katika hospitali isihesabiwe kwa bei ya sokoni peke yake. Lorina Bulwer alilishona jina lake mara nyingi kwa kuwa alijua lingefutwa. Wako wazee wa Mchinga ambao bado wakumbuka wimbo wa kiti fulani na jina la aliyeuimba. Wakiondoka, kombe hilo nalo litakuwa limekwisha kunywewa.